Vigingi Viwili vya Bi Mwatime

Sogeeni basi, na huyo anayetafuna muhogo amalize kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele za taya. Kuna nchi inaitwa Vigingini. Msiniulize iko upande gani. Hata Mzee Shaweji aliyekwenda, ukimuuliza njia alikuwa anakujibu kwamba ukifika utajua, na usipofika haikuhusu. Alikwenda, akakaa, akarudi. Njia tuiache.

Huyo Shaweji mumjue kidogo. Alikuwa mtu wa posta, enzi zile simu ilikuwa na chumba chake kama mgonjwa. Kazi yake kuunganisha waya. Unakuja umevaa shati lako la kwenda mjini, unamwambia unataka kuongea na mjomba wako yuko mbali huko. Shaweji anachomeka waya hapa, anachomoa pale, anaita vituo vya njiani kimoja kimoja, halafu unaingizwa kwenye kibanda cha mbao kinachonuka jasho la waliotangulia. Humo unapiga makelele mpaka wa barabarani wanajua mjomba ana ngiri. Ukizidisha, Shaweji anakuingilia kwa upole: muda wako umekwisha, nikuongezee? Alijua ndoa zote za mji ule na misiba yote, na hakuwahi kumsema mtu. Halafu mashine zikaja, waya zikang'olewa, yeye akapewa saa ya ukutani na kupewa mkono. Tangu siku hiyo akimwona mtu anaongea na simu huku anatembea, alikuwa anamwangalia kama unavyomwangalia mtu anayekula huku anakimbia.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika Vigingini, na nadhani ndiyo sababu alipaelewa upesi.

Kule kila mtu mzima ana vitu viwili. Cha kwanza ni pembe. Unaisogeza mdomoni, unamtaja unayemtaka, na popote alipo sauti yake inakuja. Cha pili ni kibao, chembamba kama sahani ya bati. Unakigusa kinawaka, na ndani yake umeweka kila usichotaka kukisahau: majina ya watu na wanapokaa, njia za kupita, hesabu zako, siku ya kupanda, picha za waliokufa. Pembe haikumbuki kitu. Kibao hakisemi neno. Na sheria ya nchi, tena ile ya kwanza kabisa kabla ya ile ya kukataza kuua, inasema vitu hivi viwili visikae pamoja. Kila nyumba iwe na kigingi cha pembe mlangoni, na kigingi cha kibao kiwe ukuta wa mwisho, huko jikoni. Ukitoka nyumbani unaruhusiwa kubeba kimoja tu.

Kwa hiyo asubuhi ukipita mitaani unawaona watu wamesimama mlangoni wanafikiri, leo nitoke na sauti au nitoke na akili? Waliotoka na pembe walikuwa wanawapigia wa nyumbani kuwauliza wao wenyewe wamepotea wapi. Waliotoka na kibao walikuwa wanafika kila wanakokwenda, ila hawana wa kumwambia wamefika.

Na sheria hiyo ilikuwa na ofisi yake, na ofisi ilikuwa na mkubwa wake, Bwana Kinyogoli, Mpima Vigingi Mkuu. Mtu mrefu, mkavu, anatembea na kamba shingoni. Anaingia nyumbani kwako bila hodi, anafunga kamba kigingi cha mlangoni, anaivuta mpaka jikoni, anatikisa kichwa, anaondoka. Ukikutwa umevisogeza vigingi vyako karibu, hata kwa kisingizio cha mguu mbovu, unapelekwa ukajenge ukuta wako upya. Shaweji alimuuliza sheria hiyo ni ya nini. Bwana Kinyogoli akamtazama sana. Akamwambia kazi yake ni kupima, na kwamba kamba haijawahi kumuuliza swali hilo.

Shaweji alifikia kwa mjane mmoja, Bi Mwatime. Huko mgeni hapelekwi kwa tajiri wala kwa jumbe. Anapelekwa kwa mtu anayeishi peke yake, ili nyumba ipate sauti. Bi Mwatime alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha, mnene kiasi, mwepesi wa utani, anapika kunde vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpikia Shaweji, na Shaweji alikuwa ameoa mara mbili. Siku ya kwanza tu alimwambia, "Mzee Shaweji, wewe kohoa kohoa. Usione haya. Watu wakinipigia wajue kuna mtu."

Hakuelewa. Akaja akaelewa.

Mnaongea kwenye pembe, mwenzako anakuuliza kitu ambacho huna kichwani, tuseme mtoto wa fulani alizaliwa lini. Unamwambia ngoja nikakione. Pembe huifungi. Unaitundika kigingini mdomo wazi, unakwenda jikoni kwenye kibao. Yule wa upande wa pili anabaki anangoja, na katika kungoja kwake anaisikia nyumba yako. Anasikia kuku. Anasikia sufuria. Anasikia mtoto anakohoa, na hatua zako zimekuwa nzito kuliko mwaka jana. Wenyewe wanaita kusikiliza nyumba. Na adabu yao ni kwamba ukirudi kwenye pembe, kabla hujajibu ulichoulizwa, mwenzako lazima aseme alichosikia. Naona mtoto kifua bado. Naona leo mna mgeni, kuna kikohozi nisichokijua. Asiyesema kitu anahesabiwa hana malezi.

Watu walioana kwa mlango huo. Marehemu mume wa Bi Mwatime alikuwa muuza chumvi. Alipiga nyumbani kwa kina Bi Mwatime kuuliza kama wanahitaji mzigo, baba mtu akaenda kutazama kwenye kibao, na hapo muuza chumvi akasikia binti anambembeleza mbuzi mgonjwa anywe maji. Anambembeleza kama mtu anaongea na bibi yake. Baba aliporudi habari ya chumvi ilikuwa imekwisha. Muuza chumvi akauliza tu huyo anayeuguza mbuzi ni nani.

Hayo Shaweji alisimuliwa na mjane mwenyewe. Alikumbuka posta, wakati waya unatafuta njia na huku mtu anangoja kibandani, jinsi alivyokuwa anasikia vituo vya mbali vinapumua, mtu anacheka Dodoma, mlango unafungwa sijui wapi. Alikuwa hajamwambia mtu kwamba katika kazi ile yote, hicho ndicho anachokikosa.

Lakini msidhani palikuwa peponi. Binadamu ni binadamu. Wakubwa wa Vigingini waligundua kwamba kadiri nyumba ilivyo ndefu ndivyo mpigaji anavyongoja, na anayengojwa sana anaonekana mkubwa. Basi wakajenga manyumba marefu kama mabanda ya tumbaku. Kuna waziri mmoja ukimpigia kumuuliza jambo, unaweza kusonga ugali, ukala, ukaosha vyombo, bado anatembea. Na hatembei yeye, ameajiri mtu wa kumtembelea. Mnyonge akasikiliza nini kwa waziri? Anasikia viatu tu. Pembe ikishikwa tena, mnyonge anasema kwa adabu, naona viatu vyako vizima, mheshimiwa.

Sasa akatokea fundi mmoja anaitwa Mshangama, akafanya kitu ambacho kila mtu alikiwaza na hakuna aliyekisema. Alichukua pembe akaiponda bapa, akachukua kibao akakitoboa, akavibandika pamoja. Kikawa kitu kimoja, kinasema na kinakumbuka. Watu wakakiita kimoja, basi, hawakuhangaika na jina. Bwana Kinyogoli alipokipima kwa kamba akakuta hakuna cha kupima. Inasemekana siku hiyo alirudi nyumbani mapema.

Nchi ikagawanyika. Baraza Kuu likaitwa, na Shaweji akaenda kutazama na Bi Mwatime. Ukumbi wa baraza lao nao ni mrefu. Anayehutubia anasimama huku, kibao cha taifa kimetundikwa kule mwisho. Mheshimiwa akitaka kuthibitisha neno lake anatembea mpaka kule, akirudi amesahau alikuwa anabishana na nani. Ndiyo maana sheria zao zilikuwa chache.

Waliotaka kimoja walisema mtu mmoja ana kichwa kimoja, na kichwa hichohicho kina mdomo na kina ubongo, na Mungu hakuvitenga. Waliokataa wakasema ni kweli, na tazameni watu wanavyoropoka. Makofi yakapigwa pande zote mbili. Mafundi cherehani wakasimama wakasema nguo za Vigingini zina mfuko kulia wa pembe na mfuko kushoto wa kibao, na ingawa unabeba kimoja, ule mtupu ndio unaokunyoosha. Ukiwa na mfuko mmoja nchi nzima itatembea upande. Halafu wale wa kimoja wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kuna waliosema kibao kimeingia ndani ya pembe, kuna waliosema hapana, pembe ndiyo imeingia ndani ya kibao, na hawa hawakusalimiana tena mpaka Shaweji anaondoka.

Fundi Mshangama alipewa nafasi ya kusema. Kijana wa watu hakuwa na maneno mengi. Alisema mke wake alishikwa na uchungu, mkunga akapigiwa, mkunga akauliza nyumba iko wapi, apite njia gani maana mto umejaa. Yeye akakimbilia jikoni kutazama njia kwenye kibao, akarudi, akaambiwa hapo pamekatika tazama nyingine, akakimbia tena. "Mke wangu alipona," alisema. "Mtoto hakupona. Mimi nilikuwa katikati ya nyumba." Akakaa.



Basi baraza likashindwa kukata neno. Na likishindwa, wana desturi yao ya mwisho, ambayo Shaweji hakuisikia kokote tena. Wanasema jambo zito lisiamuliwe na anayefaidika wala asiyehusika, kwa sababu hao kukata kwao ni rahisi. Liamuliwe na yule atakayepoteza zaidi. Anatafutwa, akipatikana neno lake ndilo, awe kipofu, awe mlevi.

Nia nzuri. Lakini walipotangaza tu, nchi nzima ikajaa wapotezaji. Wenye manyumba marefu walikuja wanalia na wajukuu zao wamefundishwa kulia. Yule mtu wa kumtembelea waziri alikuja kuonyesha visigino. Mafundi cherehani walileta mfuko mtupu wakauweka mezani. Bwana Kinyogoli mwenyewe alipanga foleni, na kamba yake shingoni, ikabidi aambiwe kwamba yeye ndiye mpimaji wa hasara za watu, hawezi kujipima.

Bi Mwatime hakwenda kujieleza. Alipita pale kununua nazi. Bwana Kinyogoli, amechoka kusikia vilio, akamuuliza kwa kejeli kidogo, "Na wewe mama, utapoteza nini?"

Akamjibu, "Dada yangu."

Dada yake aliitwa Nyamvula, mkubwa wake kwa mbali, anakaa milimani na bintiye Mbeyu. Alimlea Bi Mwatime tangu mama yao alipofariki. Sasa uzee ulikuwa umemchukua kichwa. Alikuwa hamjui tena mdogo wake. Ukimpigia anakuuliza nani mwenzangu, unamwambia, anasema ahaa, halafu anakuuliza tena. Lakini ukimwomba jambo la kwenye kibao, miguu inakumbuka. Anatundika pembe, anaanza kutembea kuelekea jikoni, na akiwa njiani kule, peke yake, anafikiri hakuna anayemsikia, anaongea na mtoto. Anamwambia Kidoti njoo nikushike mkono. Kidoti usikanyage maji hayo. Tukifika kisimani nitakupa embe, usimwambie baba. Kidoti ni Bi Mwatime. Ndilo jina alilopewa na dada yake alipokuwa mdogo, kwa sababu ya alama hapa shavuni, na hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Halafu Nyamvula anafika jikoni, anakitazama kibao, anarudi, anashika pembe na kuuliza, nani mwenzangu?

Yote hayo Bi Mwatime aliyasema akiwa ameshika nazi yake. Alimaliza kwa kusema kwamba kwenye pembe hana dada, wala kwenye kibao hana. Anaye pale katikati tu.

Foleni ikatawanyika yenyewe.

Bi Mwatime akapewa neno la mwisho, na siku chache za kutafakari. Na hapo, jamani, nyumba ile ikawa haina raha. Wa kimoja walimletea zawadi, wa viwili walimletea zawadi kubwa zaidi, akazirudisha zote isipokuwa jogoo mmoja ambaye hakujulikana katoka upande gani. Mbeyu akapiga kutoka milimani. Shaweji alikuwa amekaa karibu na kigingi, akasikia.

"Mama mdogo, mimi sitaki kukufundisha," Mbeyu alisema. "Lakini mama anapepesuka. Juzi kashika ukuta. Mimi niko shambani, siwezi kumshikilia kutwa. Kikija hicho kimoja atakaa kitandani, kila kitu kiko mkononi."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Umenisikia, lakini unampigia kila siku. Unamuuliza siku ya kupanda kunde. Mama mdogo, wewe siku ya kupanda kunde huijui?"

 Bi Mwatime akamwambia naona nje kuna upepo, milango inagonga, akaaga.

 Shaweji alikuwa upande wa vigingi moyo wote. Tangu afike alikuwa anajiona kijana, amerudi chumbani kwake posta, na alikuwa ameshaanza kuwaza kwamba akirudi kwao atapiga vigingi viwili nyumbani, wanawe wacheke wanavyotaka. Basi alichosema ni kwamba binti naye anazidisha, wazee wote wanapepesuka. Alisema hivyo kwa kumfariji. Bi Mwatime akashukuru, akaenda kuchambua kunde.

Siku ya pili yake mchana Bi Mwatime akampigia tena dada yake. Alimwambia Shaweji ni mara ya mwisho kabla ya kwenda barazani, anataka tu asikie. Akamwita karibu wasikilize pamoja, na mzee wetu akasogea na kigoda chake, amefurahi kama anayekaribishwa karamu.

Nyamvula aliitika. Sauti kavu, ya adabu, ya mtu anayeongea na mgeni. Nani mwenzangu? Bi Mwatime akajitaja, akamwomba amtazamie kwenye kibao siku ya kupanda kunde. Ahaa, ngoja nikakione, bibi. Pembe ikagonga ukuta. Hatua zikaanza, moja, inangoja mwenzake, moja. Na ile sauti nyingine ikatoka, laini, ya msichana kabisa, Shaweji nywele zikamsimama. Kidoti wee, umechoka? Panda mgongoni. Haya, shika shingo. Usinikabe. Bi Mwatime alikuwa amefumba macho, anatabasamu, mikono yake imeshikana hivi mbele kama amekumbatia shingo ya mtu.

Kisha kikasikika kishindo.

Baada ya kishindo hapakuwa na sauti ya mtu. Kuku waliruka, bakuli likazunguka sakafuni mpaka likatulia. Bi Mwatime akaita kwenye pembe, dada, dada, lakini pembe iko mlangoni kule na mwenyewe yuko katikati ya nyumba. Mbeyu shambani huenda na kibao tu, hana pembe, basi akawaza amwite jirani wa kule milimani. Jina la jirani liko kwenye kibao. Kibao kiko jikoni. Akainuka, mwili ule mzito, akakimbia. Shaweji akabaki ameshika pembe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuishi kwa kusikiliza alitamani asisikie. Kulikuwa na mtu anapumua kwa shida, halafu anamwomba Kidoti radhi kwa kumwangusha. Umeumia? Nionyeshe. Usilie, mimi ndiye nimekuangusha.

Bi Mwatime alipofika na jina la jirani, alimkuta mgeni wake analia. Hakumuuliza alichosikia, na yeye, pamoja na adabu yote ya nchi ile, hakusema.

Nyamvula alipona, mkono ulivunjika. Mbeyu alipopiga kueleza hakulaumu mtu. Hilo ndilo lilikuwa baya.

Barazani Bi Mwatime hakutembea kwenda kwenye kibao cha taifa. Alisimama palepale. Watu wa viwili walikuwa wamekaa mbele wametulia, maana walijua mtu hawezi kujikata mwenyewe. Akasema hivi:

"Mimi nimekuwa nikimtembeza dada yangu mgonjwa ili nijisikie naitwa. Nilijua anapepesuka. Nilikuwa nasema kesho naacha. Ng'oeni vigingi."

Akaongeza kwamba kilichokuwa katikati ya nyumba kilikuwa kitamu, asije mtu akawadanganya watoto kwamba hakikuwapo. Lakini utamu wake ulikuwa miguuni kwa mtu mwingine. Hapo akakaa, na waliokuwa wameshinda hawakushangilia.

Sheria ikafutwa siku hiyohiyo. Bwana Kinyogoli ndiye aliyeamriwa kung'oa, na alianza na nyumba yake, wanasema ilikuwa fupi kuliko zote mtaani, hakuna aliyewahi kuingia kupima. Akapita nyumba kwa nyumba na koleo. Alipong'oa vya Bi Mwatime aliziba matundu kwa udongo yeye mwenyewe, akayapapasa mpaka yakawa laini, kisha akakubali kunde, mara yake ya kwanza maishani kula kwa mtu. Manyumba marefu yakakatwa vyumba vya kupangisha. Mafundi cherehani wakagundua kwamba kushona mfuko mmoja ni haraka kuliko miwili, wakasema wao walikuwa wa kimoja tangu zamani.

Na Vigingini ikabadilika, Shaweji aliiona ikibadilika. Ukiuliza unajibiwa papo hapo. Mkunga anaonyeshwa njia huku anatembea, na watoto waliozaliwa masika yale walipona, hilo alilisema siku zote, hakulificha. Watu wakapendeza, wakawa na haraka. Mtu anakupigia, anapata alichotaka, anakata. Siku moja Shaweji alikohoa makusudi wakati Bi Mwatime anaongea na muuza mkaa. Akangoja. Muuza mkaa akasema gunia litafika jioni, basi.

Kimoja cha Nyamvula kilifika milimani kwa mkono wa fundi Mshangama mwenyewe, hakutaka malipo. Mbeyu akakijaza kila kitu kilichokuwa kwenye kibao cha mama yake, majina, siku, na picha za watu wote wa ukoo ili mama akipigiwa aone uso na jina la anayepiga. Akatuma habari kwamba kiko tayari, mama amekaa kitandani, mkono uliovunjika umefungwa shingoni kwa kitambaa, mama mdogo apige.

Bi Mwatime hakupiga siku hiyo, wala kesho yake. Alipika, alifagia, alimtukana jogoo. Shaweji naye alikuwa amefunga mzigo wake wa kurudi kwao, umekaa mlangoni, hauondoki. Mwishowe mama akakaa kwenye kigoda, akakichukua kimoja chake kama mtu anayeshika nyoka aliyeambiwa hana meno, akamtaja dada yake.

Kikaitikiwa mara moja. Hapakuwa na pembe kugonga ukuta, wala hatua. Shaweji alisikia pumzi tu, karibu mno, kama mtu yuko mle chumbani.

Halafu Nyamvula akasema, pole pole, kila herufi mahali pake, "Mwatime."

Jamani. Miaka mingapi alikuwa anaulizwa nani mwenzangu. Bi Mwatime alikiondoa kile kitu sikioni akakifunika kwa kiganja, akamgeukia Shaweji, na uso wake haukuwa wa furaha wala wa msiba.

"Dada hajawahi kuniita Mwatime," alisema. "Amenijua, au ameonyeshwa?"

Huyu ni mtu aliyekaa chumbani posta ujana wake wote, kaunganisha waume na wake, wana na mama zao, na alikuwa anajua kutokana na pumzi tu kama upande wa pili kuna mapenzi au kuna adabu. Alitega sikio. Kutoka ndani ya kiganja cha yule mama kulikuwa na mtu ametulia, hakati, hasemi. Shaweji hakuweza kujua.

"Mjibu, Bi Mwatime," alisema. "Anakungoja."